Laki tatu, Mtaa wa Aggrey

Oktoba 2024, wiki chache kabla ya vyuo kufunguliwa, mpwa wangu alinipigia simu. "Shikamoo mjomba." Marahaba haijanitoka vizuri mdomoni, tayari ameshaingia kwenye shida yake: amepangiwa Chuo Kikuu cha Dodoma, yeye na mama yake wamedunduliza shilingi laki tatu za simu, na siku ya nne sasa hapati usingizi kwa sababu simu alizozipenda ni mbili. Moja ni Samsung Galaxy A05. Ya pili ni Tecno Spark Go 2024. Alitaka nimtajie moja tu, akanunue.

Sikumtajia. Nilimwambia tukutane Kariakoo Jumamosi asubuhi, na aje na ile simu yake ya zamani.

Swali lake naulizwa karibu kila mwezi, na ndugu, na majirani, na watu tunaokaa kiti kimoja kwenye daladala. Huwa silipuuzi, kwa sababu laki tatu si hela ndogo. Kwa dada yangu, mama wa binti huyu, anayelima Kilosa, ni magunia ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kupukuchuliwa na kuuzwa. Mwenye milioni mbili akikosea simu anakereka wiki moja, kisha anaiuza na kuchukua nyingine. Mwenye laki tatu akikosea anaishi na kosa lake miaka mitatu.

Tulikaa kwanza kwenye mgahawa, tukaagiza chai na chapati. Nikaichukua simu yake ya zamani, nikamuuliza, "Hii imekufa na nini?"

"Imechoka tu, mjomba."

Hilo ndilo jibu la watu wengi, na mimi silikubali. Simu nayo hufa na kitu. Ipo inayokufa betri, ipo inayokufa kioo, ipo ambayo tundu la chaji limelegea mpaka waya ushikiliwe kwa jiwe. Ipo iliyoibwa, na hiyo haifundishi chochote kuhusu simu, inafundisha kuhusu mfuko. Usipojua ya kwanza ilikufa na nini, utanunua ya pili ife na hichohicho. Kwa hiyo kabla hujaingia duka lolote, kaa chini na simu yako ya zamani uichunguze.

Tulifungua Mipangilio, tukaenda sehemu ya Hifadhi. Simu ilikuwa ya GB 16. Mfumo wenyewe ulikuwa umekula zaidi ya nusu, WhatsApp imekula iliyobaki, na nafasi iliyokuwa wazi haikutosha hata video moja ya harusi. Akaniambia kwamba kila Jumapili alikuwa na kazi ya kufuta ili meseji za wiki inayofuata zipate pa kuingia. Mwezi ule alikuwa amefuta hata picha alizopiga na bibi yake, yaani mama yangu, kabla hajafariki. Alizifuta ili apakue fomu za chuo. Alilisema hilo akiangalia kikombe, na mimi sikuwa na la kumjibu. Simu yake haikuchoka. Ilijaa.

Tukaingia Mtaa wa Aggrey. Maduka ya simu pale yamebanana kiasi kwamba muuzaji wa duka la pili anakukaribisha ukiwa bado unaongea na wa duka la kwanza. "Karibu bosi, karibu sista, hizi zote full boksi." Duka la kwanza walikataa tusiiwashe simu wala kuona namba zake kabla ya kulipa. Tukaaga. Muuzaji anayekuficha kitu kabla hajachukua hela yako hawezi kukufunulia akishaichukua. La pili walituwekea zote mbili juu ya kaunta: Samsung ya GB 64 kwa 290,000, Tecno ya GB 128 kwa 275,000. Bei hizo ni za siku ile na za duka lile, usizishike.

Kijana wa dukani alianza kwa kusifia betri ya Tecno, milliampia 5,000. Nikamwomba asome na ya Samsung. Ilikuwa 5,000. Hivyo ndivyo simu za bei moja zilivyo: nusu ya sifa zake zinalingana, na muuzaji atakusomea sifa ya ile anayotaka kuiuza kana kwamba nyingine haina. Zote mbili zilikuja na Android 13, ingawa ya Tecno ni ile iliyopunguzwa uzito, inayoitwa Android Go, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu zenye nguvu ndogo. Vioo vyote ni vikubwa, inchi 6 na nusu na zaidi, na ung'avu wake ni uleule wa pikseli 720 kwa upana. Zote zinapokea laini mbili na zinachaji kwa tundu lilelile jipya la USB-C. Vyote hivyo tuliviondoa mezani. Ukitaka kuchagua kati ya viwili, vilivyo sawa usivipe hata dakika.

Prosesa nazo karibu tuziondoe. Samsung inatumia Helio G85 ya MediaTek, Tecno inatumia Unisoc T606. Zote zina viini vinane, viwili vyenye nguvu na sita vya kazi ndogondogo, na zimetengenezwa kwa kipimo kilekile cha nanomita 12. Ya Samsung inakimbia zaidi kidogo. Mcheza gemu ataiona tofauti hiyo. Mwanafunzi anayesoma PDF na kutuma sauti za WhatsApp hataiona.

Pakaja mahali ambapo watu wengi wanaangushwa. Juu ya boksi la Tecno kulikuwa na stika ya GB 8 za RAM. "Hii ni nane, sista, ile ni nne." Mpwa wangu akanitazama, na nikaona moyo umeshahama. Nikamwomba kijana ageuze boksi. Kwa nyuma, kwa herufi za kuzitafuta, imeandikwa 4 jumlisha 4.

Mchukulie mama lishe. Ana meza anayokatia nyanya na kupakulia wali, na ana stoo anamoweka magunia. Meza ndiyo RAM, stoo ndiyo hifadhi. Meza ikijaa, anaweza kuazima kipande cha sakafu ya stoo aweke sufuria mbili. Sufuria hazitamwagika, lakini kila akizihitaji inabidi ainuke, atembee, ainame. Hiyo ndiyo RAM ya nyongeza. Ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa, ni ya polepole kuliko RAM yenyewe, na inapunguza nafasi ya stoo. Samsung nao wanayo, wanaiita RAM Plus, ila hawakuibandika kwa maandishi makubwa. Kwa hiyo meza za simu hizi mbili zilikuwa sawa, GB 4 kwa GB 4. Ukiona namba ya RAM kwenye boksi au kwenye tangazo, uliza ya kweli ni ngapi na ya kuazima ni ngapi.

Kamera nayo ina mtego wa namna hiyo. Samsung ina megapikseli 50, Tecno 13, na ukisikia hivyo unadhani moja ni mara nne ya nyingine. Lakini ile ya 50 kwa kawaida huunganisha pikseli nne kuwa moja ili ipate mwanga zaidi, ikakupa picha ya megapikseli kama 12 na nusu. Zimeshakaribiana. Kinachobaki ni lenzi na jinsi programu ya simu inavyoisafisha picha, na hapo lazima niseme haki ya Tecno: kampuni mama yake, Transsion ya Shenzhen, ambayo ndiyo mwenye Itel na Infinix pia, imejijengea jina Afrika kwa kuzirekebisha kamera zake zitoe vizuri sura za watu weusi, jambo ambalo wengine walichelewa kulijali. Usinunue jina lakini, wala namba. Msimamishe mwenzako mlangoni mwa duka, mwanga wa barabara ukiwa nyuma yake, mpige kwa simu zote mbili, kisha kuza uso. Tulifanya hivyo. Nje Samsung ilitoa maandishi ya bango la mbali yakasomeka vizuri zaidi. Pale mlangoni, kwenye kivuli, uso wa mpwa wangu ulitoka vizuri kwenye zote, na yeye mwenyewe alishindwa kuchagua.

Kioo cha Tecno hujichora upya mara 90 kwa sekunde, cha Samsung mara 60. Ukipandisha ukurasa kwa kidole utaona ulaini. Ni raha, na inapita siku ya tatu.

Chaja si jambo la kupita hivyo. Tecno inachaji kwa wati 10, Samsung inaweza kufika wati 25. Betri ya milliampia 5,000 inabeba kama wati 19 za saa moja, kwa hiyo wati 10, ukitoa zinazopotea kwa joto, zinahitaji zaidi ya saa mbili kuijaza. Wati 25 zinaijaza kwa saa moja na nusu hivi. Kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki hiyo ni tofauti ya starehe. Kwa mtu ambaye umeme unarudi saa mbili usiku na kuondoka saa tatu na nusu, ni tofauti ya kuamka na simu iliyojaa au iliyofika nusu. Lakini boksi la Samsung tulipolifungua tulikuta waya bila kichwa cha chaja. Siku hizi ndivyo Samsung wanavyouza simu zao nyingi. Ukitaka hizo wati 25 unanunua kichwa pembeni, na kiwe cha kweli, maana vile vya kumwaga chini barabarani vimeandikwa 25 na havitoi hata 10. Bei ya chaja ni sehemu ya bei ya simu. Iongeze kabla hujalinganisha.

Baada ya yote hayo yakabaki mambo mawili yaliyozitenganisha kwelikweli, na hapo mimi na mpwa wangu tukabishana.

Mimi nilikuwa upande wa Samsung, kwa sababu ya masasisho. Tangu mwaka 2015 Google hutoa kila mwezi orodha ya matundu ya usalama yaliyogunduliwa kwenye Android pamoja na viraka vyake. Orodha hiyo inasomwa na watu wema na wezi vilevile. Simu inayopata viraka inaziba matundu. Isiyopata inabaki na matundu ambayo sasa yanajulikana. Kwa A05 Samsung waliahidi matoleo mawili mapya ya Android na miaka minne ya viraka vya usalama. Kwa Tecno ile sikuona ahadi ya namna hiyo kwenye karatasi zake. Na mtu anayeweka hela zake zote kwenye simu, kama tunavyofanya sisi wa M-Pesa na Airtel Money, anahitaji ulinzi huo.

Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi, na wengi wao hawalijui: miaka minne hiyo haianzi siku unayonunua. Inaanza simu ya aina hiyo ilipoingia sokoni kwa mara ya kwanza, na A05 ilitoka mwishoni mwa 2023. Kwa hiyo inaishia 2027, hata ukiinunua leo jioni. Ndiyo maana simu ya mwaka jana ni nafuu: sehemu ya umri wake imeshaliwa ikiwa kwenye boksi. Si sababu ya kuikataa, ila uhesabu miaka iliyobaki, siyo iliyotangazwa.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mjomba, hayo masasisho yanapakuliwa yanakaa wapi?"

Nikasema kwenye hifadhi.

"Na simu ikijaa?"

Yalinipata. Simu iliyojaa haipokei sasisho. Inaleta ujumbe kwamba nafasi haitoshi, mwenye simu anaufunga, na viraka vyote alivyoahidiwa vinabaki hewani. Nilijaribu kujitetea kwa memori kadi, kwamba zote mbili zina nafasi yake. Akanijibu kwamba alishaweka kadi kwenye ile ya zamani, picha zikahamia, lakini WhatsApp na vitu vyake vyote vikabaki ndani, na WhatsApp ndiyo iliyoiua simu. Ni kweli, WhatsApp hukaa kwenye hifadhi ya ndani. Na memori kadi za sokoni zina ugonjwa wake: nyingi zimeandikwa ukubwa ambao hazina, na unakuja kugundua siku unayotafuta faili lako.

Binti alikuwa anakwenda kusoma miaka mitatu. Magrupu ya darasa, video za mihadhara, PDF za kila mwalimu, picha za ubao. GB 64 maana yake ni GB arobaini na kitu baada ya mfumo kuchukua chake. GB 128 maana yake ni zaidi ya mia. Simu yake ya kwanza ilikufa kwa kujaa, na mimi niliyemfundisha kuuliza simu ilikufa na nini nilikuwa namshauri anunue nyingine iliyo karibu zaidi na kifo hichohicho. Alichukua Tecno. Alichagua vizuri kuliko mimi.

Kabla ya kulipa tulifanya mambo ambayo nakuomba sana usiyaruke, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Bonyeza *#06#, zitokee namba za IMEI, tarakimu 15. Zilinganishe na zilizo kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Kisha tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090; ni bure, na utajibiwa simu hiyo inatambulika kuwa ni ya aina gani. Jina likija tofauti na simu uliyoshika, iache. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia nchi nzima, na wapo watu walioamka asubuhi na kipande cha plastiki mkononi. Hawakuwa wajinga, hakuna aliyewaambia mapema. Weka laini yako mwenyewe, piga simu, sikiliza, mwombe upande wa pili akuambie kama sauti yako inafika. Fungua intaneti kwa laini hiyohiyo, kwa sababu unachonunua ni simu inayoshika mtandao wako, siyo wa dukani. Fungua Hifadhi uone kama GB zilizoandikwa ndizo zilizomo. Halafu dai risiti ya EFD yenye jina la simu, na kadi ya waranti igongwe mhuri mbele yako. Na uliza kioo chake kikivunjika kinauzwa kiasi gani, maana waranti ya kawaida haibebi simu iliyoanguka. Tulivuka barabara kwenda kwa fundi tukamuuliza bei za vioo vya simu zote mbili kabla hatujarudi kulipa. Fundi simu ndiye mshauri mkweli kuliko wote Kariakoo: haambulii chochote kwenye simu unayonunua, na anajua zipi zinarudi.

Nilidhani nimemaliza. Januari 1, 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4, toleo la mwaka 2013. Dada yangu alikuwa na mojawapo.

Simu yake ilikuwa nzima. Kioo hakina ufa, betri inafika jioni, ameitunza kwenye kitambaa kama anavyotunza vyeti vya watoto. Grupu la kikoba likanyamaza tu. Alidhani bando limeisha, akanunua. Halikurudi. Akanunua tena. Siku ya tatu akamtuma kijana wa jirani anipigie, na nikiwa nasikia uchungu wa zile bando mbili nilielewa kwamba hii nayo imekufa, na chanzo cha kifo chake si kile cha binti yake. Ya binti ilijaa, ya mama ilizeeka ndani huku nje ikiwa nzuri.

Yeye nilimnunulia Samsung ileile niliyomshauri mpwa akaiacha. Dada hana PDF. Ana picha za wajukuu wa ndugu, sauti za kikoba, na hela. GB 64 hatazimaliza. Anatunza simu mpaka ikatae yenyewe, kwa hiyo mwenye ahadi ndefu ndiye anayemfaa. Ile Tecno ilikuwa na kitambua alama ya kidole ubavuni, na mpwa alikipenda sana, lakini vidole vya dada vimesuguliwa na jembe. Wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole alirudishwa mara tatu kwa sababu mashine haikumsoma. Kwake namba ya siri ndiyo mlango wa uhakika. Kichwa cha chaja cha wati 25 nilikinunua palepale, nikakihesabu kwenye bei.

Nilipompelekea nilimwonyesha mahali pa kuangalia: Mipangilio, Kuhusu simu, tarehe ya kiraka cha usalama. Nikamwambia ikipita miezi mitatu tarehe haijasogea anipigie. Nikamwambia pia kwamba hakuna kiraka cha Google kinachozuia ile meseji ya "hiyo hela tuma kwenye namba hii", wala mtu anayejifanya wa kampuni ya simu akiomba namba ya siri. Hiyo inazuiwa na yeye kukaa kimya na kunipigia.

Wapo watakaosema laki tatu yote ya nini wakati kuna simu za mkopo. Sizichukii, zimewafikishia simu watu wasiokuwa na namna nyingine. Ila kaa na karatasi. Tuseme unaambiwa kianzio ni 60,000 kisha 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja. Elfu moja na mia tano inaonekana ndogo, ni soda na maandazi. Zidisha kwa siku 365: ni 547,500. Ongeza kianzio: 607,500. Kama simu hiyo inauzwa taslimu laki tatu, umelipa mbili ukapewa moja, na siku usipolipa inajifunga na namba za wateja wako zikiwa ndani. Ukiweza kudunduliza miezi sita ukitumia kitochi, fanya hivyo.

Na wapo vijana wanaoniambia kwa bei hiyohiyo wanapata iPhone iliyotumika. Wanapata, ndiyo. iPhone 7 ilifungiwa nje kwenye iOS 16 mwaka 2022, na iPhone 8 kwenye iOS 17 mwaka uliofuata. Uzuri wake wa nje ni uleule wa simu ya dada yangu kabla ya Januari. Ukiitaka, hakikisha angalau akaunti ya mwenyewe wa zamani imeondolewa mbele ya macho yako, la sivyo umenunua kioo cha kujitazamia.

Mpwa wangu bado yuko Dodoma. Kioo chake kilipata ufa kwenye daladala, na kwa sababu bei ya kioo tuliiuliza siku ileile, alikuwa na akiba yake tayari. Mara ya mwisho alinitumia picha ya sehemu ya Hifadhi: ametumia GB 71. Ingekuwa 64, angekuwa ameshaanza kufuta.

Siku niliyompelekea dada simu, tuliandika IMEI yake kwenye daftari la kikoba, ili ikiibwa aende nayo polisi. Ukurasa uliokuwa wazi ni ule wa wanaodaiwa. Chini ya tarakimu 15 nikaandika "2027". Dada akauliza hilo ni deni la nani. Nikamweleza kwamba mwaka huo ndipo viraka vya simu vinapokoma, na ni vizuri nyingine ianze kudundulizwa sasa. Akachukua kalamu, akaandika "Simu" kwenye mstari wa majina, kama mwanachama mwingine, na tangu mwezi ule kila siku ya kikoba anaiwekea elfu tano.